Sura ya Sita: Ngege Yuko Wapi?

Saa moja asubuhi, katika mwalo wa Dunga nje kidogo ya mji wa Kisumu, mitumbwi imeshavutwa nchi kavu na akina mama wameinamia mabeseni. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akiparua magamba, nikamwuliza kama ana ngege. "Ngege si huyu," akasema, akaninyanyulia samaki wa upana wa sahani, matamvua yake bado yakitweta. Nikaomba ruhusa, nikautandaza mkia wake kwa vidole viwili. Ulikuwa na mistari myembamba iliyosimama wima, safu baada ya safu, kama pindo la kikoi.

Nikajua ni sato. Mzee aliyekuwa kando akishona wavu alinitazama, akatabasamu. "Mama hajakosea, mwanangu. Siku hizi sote tunamwita hivyo. Lakini ngege aliyekuwa akiletwa nyumbani na baba yangu, mkia wake ulikuwa mtupu. Huoni mstari hata mmoja."

Maneno ya mzee yule yamo pia katika maandishi ya wataalamu, ila wao wameyaandika kwa Kilatini. Sato, Oreochromis niloticus, hakuwa wa Ziwa Viktoria. Alipandikizwa humo miaka ya 1950 pamoja na perege wengine wa kutoka maziwa mengine. Mwenyeji ni yule mwenye mkia mtupu, Oreochromis esculentus, ambaye Mwingereza Michael Graham alimweleza kisayansi mwaka 1928 baada ya kulizunguka ziwa lote kuchunguza uvuvi wake. Esculentus maana yake ni kitu kinachofaa kuliwa, na Graham hakutia chumvi, kwa kuwa katika miaka hiyo ngege ndiye aliyebeba uvuvi wa Ziwa Viktoria. Leo unaweza kuzunguka mialo mingi ya ziwa kuu bila kumwona hata mmoja, ilhali jina lake unalisikia kila saa. Mgeni amerithi jina.

Nimeanza na jambo hili la jina kwa sababu linamkwamisha kila anayeketi kupima hatari ya samaki kutoweka. Mpimaji hufungua daftari la mapato ya uvuvi, na safu ya "tilapia" inamwonyesha tani kwa tani, mwaka kwa mwaka, kana kwamba mambo ni shwari. Daftari halisemi ni tilapia yupi. Samaki mmoja anaweza kwisha kabisa ndani ya safu ile na jumla yake isipungue hata kilo, maana mwingine amejaza pengo. Kwa hiyo kazi ya kumpima samaki huanzia sokoni, kwenye mkia, kabla ya hesabu yoyote.

Ni hesabu gani hizo? Zinatoka kwa Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ulioanzishwa mwaka 1948, na Orodha yake Nyekundu iliyoanza mwaka 1964. Kwa miaka mingi viumbe waliingizwa katika orodha hiyo kwa busara ya wataalamu tu: mtu anayeheshimika akisema mnyama fulani yu hatarini, aliaminiwa. Wanyama wakubwa wenye manyoya walipata watetezi wengi, samaki wa matopeni hawakupata mtu. Mwaka 1991 Georgina Mace na Russell Lande walipendekeza vipimo vya namba vinavyoweza kutumika kwa tembo, ua au dagaa bila upendeleo. Vipimo hivyo vilipitishwa mwaka 1994, vikafanyiwa marekebisho, na toleo linalotumika hadi sasa ni la mwaka 2001.

Vipimo ni vitano, vimepewa herufi A hadi E, na samaki akianguka katika kimoja tu inatosha kumweka hatarini. Sitavieleza vyote kwa urefu, maana viwili vya mwanzo ndivyo vinavyofanya kazi kubwa kwa samaki wetu.

Kipimo A huuliza: wamepungua kiasi gani, na kwa muda gani? Muda huo ni miaka 10 au vizazi vitatu, wowote ulio mrefu zaidi. Kizazi hapa kina maana ya wastani wa umri wa wazazi wa samaki waliopo. Ikiwa wamepungua kwa asilimia 80 au zaidi na kilichowapunguza hakijakoma, samaki huyo yu hatarini kabisa. Asilimia 50 humweka hatarini, na asilimia 30 katika hali tete. Makundi hayo matatu ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya viumbe walio katika tishio la kutoweka. Mwaka 2006 ngege aliwekwa katika kundi la kwanza, hatarini kabisa. Ndugu yake mbiru, yule mwenye ukingo wa rangi ya chungwa kwenye mapezi, aliwekwa humo humo.

Kipimo B hutazama ukubwa wa makazi. Hapa mfano mzuri uko mbali na Viktoria, kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, ambako mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya ziwa dogo la volkeno. Ziwa Chala lina kilomita za mraba 4 na ushei. Ukisimama kwenye ukingo wake wa mawe unaliona lote kwa mtazamo mmoja, maji ya buluu nzito yamezungukwa na kuta. Humo anaishi perege aitwaye Oreochromis hunteri, na haishi kwa asili mahali pengine popote duniani. Mstari wa hatari kabisa katika kipimo B ni makazi yasiyofika kilomita za mraba 10, hivyo perege wa Chala yuko chini ya mstari tangu siku alipoumbwa.

Lakini udogo wa makazi peke yake haumtii samaki hatarini, na hili wengi hulikosea. Samaki anaweza kuishi katika dimbwi miaka maelfu akiwa salama. Kanuni inadai dalili nyingine juu ya udogo: kwamba makazi yanaharibika au idadi inashuka, na kwamba samaki wote wako "mahali" pachache. Neno mahali nimelitia alama kwa makusudi. Wapimaji hawahesabu mahali kwa vijiji wala kwa ghuba, wanahesabu kwa tishio. Kama tukio moja, tuseme mafuriko ya sumu au samaki mgeni aliyemwagwa humo, linaweza kuwafikia samaki wote kwa haraka, basi hapo ni mahali pamoja, hata ziwa liwe na pande kumi. Chala ni mahali pamoja. Na tukio lenyewe limeshatokea, maana perege wa kigeni wamekwisha kuingizwa humo na sasa ni wengi. Ndiyo maana hunteri naye yumo katika kundi la hatari kabisa.

C na D ni vya samaki waliobaki wachache, kwa mfano walio chini ya 50 wenye uwezo wa kuzaa. Ni nani anayeweza kwenda chini ya maji ya tope akahesabu hamsini? Kwa samaki wa mito na maziwa yetu vipimo hivyo ni nadra kutumika. E huhitaji hesabu za kompyuta zinazotabiri uwezekano wa kutoweka kwa miaka ijayo, na hizo nazo hula takwimu ambazo hatunazo.

Sasa turudi Viktoria, kwa furu, maana hapo ndipo vipimo vyenyewe vinapotiwa majaribuni.

Furu ni samaki wadogo, wengi wa urefu wa kidole au kiganja, ambao mvuvi wa zamani aliwaona kama takataka za wavu. Ziwa lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Kwa muda huo mfupi furu wakagawanyika spishi zaidi ya 500: wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono, wanaokula mayai yaliyomo kinywani mwa furu wengine, wanaokula magamba. Hakuna mahali pengine duniani ambapo wanyama wenye uti wa mgongo wamegawanyika kwa kasi hiyo na kwa wingi huo. Katika miaka ya 1970 mwanzoni, meli za utafiti zilipokokota nyavu sakafuni mwa ziwa, asilimia 80 hivi ya uzito uliopandishwa ilikuwa furu. Mwaka 1977 wanasayansi kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walipiga kambi Mwanza na kuanza kuwakusanya, kuwapima na kuwapa majina katika Ghuba ya Mwanza. Wakati huo huo meli za kukokota nyavu zilikuwa zikiwazoa kwa ajili ya unga wa samaki, na dalili za kupungua zilionekana mapema.

Kisha akaja sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake. Alikuwa ameingizwa ziwani miaka ya 1950, akakaa kimya zaidi ya miaka ishirini, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 akafumuka. Kikundi kile cha Leiden kilikuwa pale pale na nyavu zake, kikiona kila msimu wavu ukipanda na furu wachache, kisha na sangara watupu. Frans Witte na wenzake walipochapisha hesabu yao mwaka 1992, walikadiria kwamba spishi zipatazo 200 zimepotea au ziko ukingoni mwa kupotea. Sangara amejenga nyumba, amesomesha watoto na kuleta viwanda Mwanza, Kisumu na Jinja, na simlaumu mvuvi yeyote anayemshukuru. Ninachoomba ni kwamba gharama yake nayo iandikwe.

Na hapa ndipo kalamu ya mpimaji inapokwama. Furu hukua upesi, na wengi huweza kuzaa kabla hawajafikisha miaka miwili. Vizazi vitatu vyao havifiki miaka 10, hivyo dirisha la kipimo A kwao ni miaka 10 tu. Mtu anayempima furu leo anaruhusiwa kulinganisha hali ya leo na ya muongo uliopita. Anguko la miaka ya 1980 liko nje ya dirisha. Kama furu fulani walikuwa mia, wakabaki wawili, na hao wawili wamedumu wawili tangu hapo, kipimo A kitasema hawajapungua. Kanuni haijakosea, imewekwa kupima hatari inayoendelea, na ndiyo inayofaa kwa kazi hiyo. Lakini msomaji anayeona samaki amepandishwa daraja kuwa salama zaidi asikimbilie kudhani amerudi. Huenda msiba wake umezeeka tu.

Ndiyo maana nawathamini sana wazee kama yule wa Dunga. Kanuni za Orodha Nyekundu zinaruhusu makisio na ushahidi usio wa moja kwa moja pale takwimu zinapokosekana, mradi mpimaji aeleze ameupata wapi. Mvuvi aliyetega makila miaka arobaini anajua ni mwezi gani ningu walikuwa wakipanda mtoni kutaga, na ni mwaka gani waliacha kupanda. Ningu walikuwa wakijazana kwenye midomo ya mito wakati wa mvua, matumbo yamejaa mayai, na nyavu ziliwekwa hapo hapo. Hakuna meli ya utafiti iliyokuwepo kila mvua, wavuvi ndio waliokuwepo.

Kuna uharibifu mwingine ambao mzani hauuoni kwa urahisi. Katika visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza anaishi furu ambaye dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi. Mwaka 1985 alipewa jina la Mwalimu Nyerere, na leo jina lake kamili ni Pundamilia nyererei. Naona fahari kila nikiliandika, Kiswahili mwanzo na Mwalimu mwisho. Jirani yake, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la rangi ya buluu. Majike huchagua kwa macho: wa mwekundu kwa mwekundu, wa buluu kwa buluu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yanapochafuka kwa mbolea, maji taka na udongo unaoshuka kutoka mashambani, mwanga hupungua na rangi hazionekani vizuri. Jike hukosea. Wakichanganyika kizazi baada ya kizazi, spishi mbili huwa moja, na hakuna samaki aliyekufa. Ukihesabu vichwa utapata idadi ile ile. Ngege naye anaandamwa na balaa la namna hiyo, kwa kuwa sato huzaa naye, na watoto wao hubeba damu ya pande zote mbili.

Kuna habari njema, na nisingependa kuificha. Furu mmoja wa maji ya wazi, Yssichromis pyrrhocephalus, ambaye zamani alikula viumbe vidogo vinavyoelea majini, alikaribia kutoweka katika miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na nyavu, akarudi kwa wingi. Alirudi akiwa amebadilika: alikula mawindo makubwa zaidi wakiwemo uduvi, na matamvua yake yalikuwa makubwa kuliko ya babu zake waliohifadhiwa katika chupa za makumbusho, kama inavyomfaa samaki anayeishi kwenye maji yaliyopungukiwa hewa. Kama babu zake wasingehifadhiwa, hakuna ambaye angejua.

Marejeo ya namna hiyo yanaeleza kwa nini wapimaji ni wagumu kutamka neno "ametoweka". Kanuni inataka pasiwe na shaka ya msingi kwamba wa mwisho amekufa, na kwamba ametafutwa katika makazi yake yote yanayojulikana na yanayodhaniwa, kwa majira yanayofaa na kwa muda unaolingana na maisha yake. Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba 68,800. Nani amelitafuta lote? Kwa hiyo wengi hubaki katika kundi la hatari kabisa wakiwa na alama pembeni: huenda ametoweka. Tathmini kubwa ya viumbe wa maji baridi iliyochapishwa Januari 2025, iliyopitia spishi 23,496 za samaki, kereng'ende, kaa, kamba na jamaa zao, ilikuta robo yao wako katika tishio la kutoweka. Waliothibitishwa kutoweka tangu mwaka 1500 ni 89, na wanaoshukiwa kutoweka ni 178. Washukiwa ni mara mbili ya waliothibitishwa. Kati ya sehemu zilizotajwa kuwa na viumbe wengi zaidi walio hatarini, Ziwa Viktoria limo.

Tathmini ya bonde la Viktoria peke yake, iliyotolewa mwaka 2018, ilipitia spishi 651 za wanyama na mimea ya maji baridi. Asilimia 20 walikuwa katika tishio. Lakini ukiwatenga wale 204 ambao hawapatikani popote nje ya bonde hili, asilimia inaruka hadi 76. Kwa hesabu hiyo, viumbe ambao dunia imetuachia sisi peke yetu kuwatunza, robo tatu tunaelekea kuwapoteza.

Na hao ni wale wenye majina. Furu wengi bado hawajapewa jina rasmi la kisayansi, wanaitwa kwa majina ya utani ya watafiti, na kwa kawaida Orodha Nyekundu haimpimi asiye na jina. Wengine wamo katika kundi la "taarifa hazitoshi". Kundi hilo husomwa vibaya maofisini. Mtu anayepanga bwawa au shamba akiona taarifa hazitoshi, hufanya kama ameambiwa hakuna tatizo. Maana yake halisi ni kwamba hakuna aliyekwenda kutazama, na aliye humo anaweza kuwa salama au anaweza kuwa wa mwisho.

Basi ngege yuko wapi? Yuko Kanyaboli. Ni ziwa dogo lililojificha nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala, Kaunti ya Siaya. Sangara hawezi kuvuka mafunjo hayo, kwa kuwa anahitaji maji yenye hewa ya kutosha, na maji ya chini ya mafunjo yamepungukiwa hewa. Furu na ngege huvumilia. Vijiziwa vya jirani na Kyoga na Nabugabo nchini Uganda vimewanusuru wengine kwa njia hiyo hiyo. Kila ekari ya mafunjo inayokaushwa kwa kilimo ni ukuta unaobomolewa kati ya ngege na sangara, na kinamasi cha Yala kimekuwa kikikaushwa tangu miaka ya 1960. Mpimaji anayefika Kanyaboli hana budi kupima kinamasi pamoja na samaki, na serikali inayogawa kinamasi haina budi kumwuliza mpimaji kwanza.

Wewe msomaji unayeishi karibu na maji, una kazi pia, na haihitaji shahada. Siku wavu wako, au beseni la mama mchuuzi wako, likitoa perege asiye na mistari mkiani, usimparue kwanza. Mlaze juu ya kitu cheupe, mtandaze mapezi, mpige picha ubavuni. Andika jina la maji alikotoka, tarehe, na aina ya wavu. Uliza jina lake kwa lugha ya hapo, uliandike kama linavyotamkwa. Kisha mpelekee ofisa uvuvi, au kituo cha utafiti kilicho karibu: TAFIRI ukiwa Mwanza, KMFRI ukiwa Kisumu, NaFIRRI ukiwa Jinja. Na akibisha kwamba huyo ni sato tu, mwonyeshe mkia.